Wawili Ndani ya Tawakal

Watu wa kwetu Pemba wakisikia kwamba mimi na mume wangu tumeteremka kwa mashua ya tanga kutoka Virginia hadi Florida, huniuliza habari ya mawimbi. Wanaiwaza Atlantiki, papa na giza la bahari kuu. Huwajibu kwamba Atlantiki tuliisikia kuliko tulivyoiona. Njia tuliyopita iko ndani ya nchi: ni mito, mifereji, maziwa na mikono ya bahari iliyounganishwa mpaka ikawa barabara moja ya maji, nayo huitwa Intracoastal Waterway. Inaanzia kwenye boya jekundu lililo kati ya miji ya Norfolk na Portsmouth, hapo ndipo maili sifuri, ikaendelea kwa takriban maili 1,100 hadi Miami. Sehemu nyingi za humo, nje kidogo ya mkondo wenyewe, ukianguka majini utasimama kwa miguu yako. Kinachomtesa msafiri ni uchache wa maji, wembamba wa njia, madaraja, magogo, na mashine inayozimika mahali pasipo na nafasi ya kupeperuka. Na kwa mke na mume walio peke yao chomboni, kinachotesa zaidi ni kila mmoja kujua nusu tu ya kazi.

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Kila vuli, baridi inapoanza kaskazini, mamia ya vyombo huteremka njia hii kukimbilia joto la Florida, na vingi vina watu wawili tu, mume na mke wa makamo. Nimeona vyombo ambavyo bwana ni fundi, ni nahodha, ni rubani, na bibi amesimama omoni ameshika kamba asiyojua inafungwa wapi. Bwana akiteleza akavunjika mkono, chombo kile hakina mtu. Mimi nimefanya kazi ya unesi maisha yangu yote. Najua jinsi mtu mzima wa afya anavyoweza kulala chini ghafla mchana kweupe.

Sisi kwetu mgawanyo ulikuwa wa namna yake. Marehemu baba yangu alikuwa na mashua ya kuchukulia karafuu kutoka Wete, na utotoni nilipanda naye hadi nikajua tanga, upepo na tabia ya maji. Mume wangu, Baba Zuhura, ni mtu wa Tanga, alikuwa fundi wa mitambo kwenye matagi ya bandarini kabla hatujahamia Marekani. Ukimwamsha usingizini atakwambia mashine ya dizeli inaumwa nini kwa kuisikia tu. Lakini tanga kwake lilikuwa kitambaa, na mashine kwangu ilikuwa kelele. Kwa hiyo tuliponunua Tawakal, mashua kuukuu ya fiberglasi ya futi 32 yenye mashine ya silinda tatu, tulikubaliana kwamba haitang'oa nanga mpaka kila mmoja awe amefundishwa kazi ya mwenzake na kuifanya kwa mikono yake, mwenzake akiwa amekaa kimya. Tulitumia msimu mzima wa baridi gatini. Mimi niko chini na spana na taa ya kichwani. Yeye yuko juu, anatweka na kutua, anatweka na kutua, na jioni anasoma jedwali la maji pamoja na kalenda ya mwezi.

Tulikubaliana pia kuhusu sauti. Mashine ikinguruma na upepo ukivuma, aliye mbele hasikii la aliye nyuma, basi huanza kupigiana kelele, na kelele huzaa hasira. Tukaweka ishara za mikono: ngumi ni simama, kiganja chini ni punguza mwendo, mkono ulionyooka ni elekea huko. Na wakati wa kutia nanga anayeshika usukani ni mimi, kwa kuwa usukani hautaki nguvu, ila nanga na mnyororo wake vinataka. Vyombo vingi hufanya kinyume, bwana usukani na bibi mnyororoni, na sijapata kuona faida yake.

Kabla ya kuingia kwenye mikasa, msomaji ajue njia yenyewe ilivyo. Inatunzwa na serikali kuu, kupitia kikosi cha wahandisi wa jeshi, na kwa mpango sehemu kubwa inatakiwa iwe na kina cha futi 12. Mpango ni mpango. Mchanga na tope havisomi karatasi. Kila dhoruba inahamisha mafungu, na mahali palipokuwa na futi 10 mwaka jana huenda leo pana futi 4. Mkuku wa Tawakal unakwenda chini futi 4 na nusu. Juu nako kuna hesabu: madaraja mengi yasiyofunguka yamejengwa kwa urefu wa futi 65 juu ya maji, na mwenye mlingoti mrefu kuliko huo hana budi kupita baharini. Wetu ni futi 45, kwa hiyo kwa madaraja hayo tulilala usingizi.

Jambo jingine ni maboya. Kwetu Afrika Mashariki chombo kinapoingia bandarini huacha boya jekundu upande wa kushoto na la kijani kulia. Huku ni kinyume, jekundu liko kulia. Dunia imegawanywa kanda mbili za maboya, A na B, na Amerika yote pamoja na Japani, Korea na Ufilipino zimo B. Kwa mtu aliyekulia kwenye tagi za Tanga, hili si jambo dogo, kwani macho hufanya kazi kabla ya akili. Baba Zuhura alibandika mbele ya usukani kipande cha plasta nyekundu upande wa kulia na cha kijani upande wa kushoto, na vikabaki hapo hadi mwisho wa safari. Juu ya hayo, njia hii ina alama zake ndogo za njano: pembetatu ya njano hesabu ni nyekundu, mraba wa njano hesabu ni kijani, na ukiteremka kusini pembetatu zinabaki kulia kwako hata pale maboya yenyewe yanapogeuka kufuata mlango wa bahari. Asiyezitazama alama hizo atapanda fungu kwenye makutano ya kwanza.

Kutoka Norfolk kuna njia mbili, na sisi tulichukua ya zamani, Mfereji wa Dismal Swamp. Mtu akitaka kujua kizimba cha maji ni nini, aingie hapa. Mashua inaingia kwenye sanduku la zege lenye milango mbele na nyuma, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaingizwa, na chombo kinapanda polepole pamoja na maji, kwa futi 8 hivi. Kisha mlango wa mbele unafunguliwa na unaendelea katika kiwango kipya. Cha kwanza, kinachokupandisha, kipo Deep Creek. Cha pili, kinachokuteremsha, kipo South Mills, upande wa North Carolina. Kazi ya wawili humo ni moja: mmoja ashike kamba ya mbele, mwingine ya nyuma, na hakuna anayeifunga ikakaza. Chombo kinapopanda unavuta kamba, kinaposhuka unaiachia. Ukiifunga huku maji yanashuka, mashua itaning'inia ubavuni.

Maji ya mfereji ule ni ya kahawia iliyokolea. Rangi inatoka kwenye magome na majani ya miti ya kinamasi, na dawa iliyomo ndani yake ilifanya mabaharia wa zamani wayapende, kwa kuwa yalikaa sana kwenye mapipa bila kuoza. Ukitoka huko, omo la mashua nyeupe limepata masharubu ya kahawia. Chini ya maji hayo usiyoona ndani yake kuna magogo yaliyolala, na moja lilitugonga mkuku kwa kishindo nilichokisikia kwenye meno. Tuliinua mbao za sakafu, tukamulika ngama, tukaona hakuna maji yanayoingia, tukaendelea. Hayo ya magogo yanaishia hapo.

Ila mfereji wenyewe siwezi kuupita upesi hivyo. Ulianza kuchimbwa mwaka 1793 na kufunguliwa 1805, na waliouchimba kwa mikono walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Moses Grandy, aliyezaliwa mtumwa katika wilaya hiyohiyo ya North Carolina na akawa nahodha wa vyombo vya mizigo kwenye mfereji huo, alisimulia maisha yake katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1843. Alieleza wenzake walivyofanya kazi ndani ya tope hadi kiunoni wakikata mizizi. Yeye mwenyewe alilipa bei ya uhuru wake mara tatu, kwa sababu mabwana wawili wa kwanza walipokea fedha kisha wakamuuza. Na ndani ya kinamasi kile waliishi vizazi vya watu waliotoroka utumwa, kwenye visiwa vikavu ambavyo mbwa wa wawindaji hawakuweza kuvifikia. Tulipita pale kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukingo uko mkono huu na huu, nami nilimsomea Fatiha kila aliyezikwa humo bila jina. Watu husifu utulivu wa mfereji ule, na ni kweli umetulia. Lakini anayepita na asijue nani aliuchimba hajapita mahali.

Baada ya mfereji kuna mto Pasquotank, kisha Elizabeth City, mji ambao una gati za bure kwa wasafiri. Mwaka 1983 wazee wawili wa hapo, Joe Kramer na Fred Fearing, walianza desturi ya kuwapokea wanawake wa kila mashua kwa ua la waridi, na mji ukajipatia jina kwa ukarimu. Pumzika hapo, tena pumzika vizuri, kwa sababu kinachofuata ni Albemarle.

Albemarle Sound ni mkono mkubwa wa maji uliotengwa na bahari kwa ukanda wa mchanga. Kwenye ramani unaonekana ni ziwa la kitoto. Kina chake hakizidi sana futi 20. Hapo ndipo ubaya ulipo. Upepo ukipita juu ya maji marefu lakini mafupi kwa kina, hujenga mawimbi yaliyosimama wima na kufuatana bila nafasi, chombo hakijamaliza kushuka la kwanza la pili limefika. Mimi nilikuwa na jambo jingine la kuzoea: maji ya pale hayaendi kwa mwezi. Hakuna kujaa wala kupwa kwa maana tunayoijua. Upepo ukivuma siku mbili kutoka magharibi, maji yote husogea upande mmoja, na fungu lililokuwa salama likawa tupu. Kalenda ya mwezi tuliyoitegemea haikutusaidia kitu mpaka tulipofika mbele zaidi.

Tulitoka asubuhi na upepo mwepesi. Tulipofika katikati ukafika kilomita 40 kwa saa kutoka magharibi, ubavuni, na Tawakal ikaanza kutikiswa vibaya. Mashine ilianza kupanda na kushuka mlio, ikakohoa, ikapanda tena. Baba Zuhura alinitazama, akasema neno moja, "Dizeli." Sekunde chache baadaye ikazimika.

Tangi la chombo cha zamani huwa na mashapo chini, na kwenye maji matulivu mashapo hayo hulala salama miaka mingi. Mawimbi yakilitikisa tangi yote hupanda, huenda kwenye filta, filta huziba, na mashine hufa njaa huku tangi limejaa. Jambo la kwanza katika hali hiyo ni kupata mwendo, kwa sababu chombo kisicho na mwendo kwenye mawimbi ya ubavuni hubingirishwa. Nilifungua tanga la mbele kidogo, upana wa mkeka, tukalishika, na mashua ikatulia ikashika njia. Hapo ndipo tanga lilipo na heshima yake: halina filta.

Baba Zuhura akashuka kwenye mashine. Humo ndani kuna joto, harufu ya dizeli, hewa hakuna, na sakafu inapanda na kushuka. Mwanamume aliyekula chumvi miaka yote hiyo bandarini bahari ilimlevya mbele ya macho yangu. Alifungua filta ya kwanza, ile yenye kikombe cha kioo chini, nikaona tope jeusi limejaa robo tatu. Kisha akapanda mbio na kutapika demanini. Alirudi chini, akapanda tena. Mara ya tatu nilimwambia, "Baba Zuhura, njoo ushike usukani, mimi nishuke."

Hakubisha. Wala hakuniambia "nenda ufanye hivi na hivi," jambo ambalo nilimshukuru kuliko lolote. Alikaa juu, akaliweka tanga kwenye upepo kama nilivyomfundisha, na hewa baridi ikamrudishia rangi. Mimi nikashuka, nikamwaga kikombe, nikatia filta mpya, nikabadilisha na ile ndogo iliyoko kwenye mashine yenyewe. Kisha ikabaki hewa. Ukibadilisha filta za dizeli hewa huingia kwenye mirija, na mashine haiwaki mpaka uitoe: unalegeza skrubu ya juu kwa spana namba 10, unapampu kwa kidole kile kipini kidogo, povu linatoka, linatoka, mpaka dizeli ije safi bila povu, ndipo unakaza. Miaka yangu yote ya unesi nimetoa hewa kwenye mirija ya dripu kabla ya kumtundikia mgonjwa, na mikono haikuwa na la kujifunza. Nilipaza sauti, "Washa!" Ikazunguka, ikasita, ikawaka.

Tuliingia Little Alligator River tukatia nanga kwenye sitara. Daraja la Alligator River liko karibu na hapo, ni la kuzunguka, na upepo ukizidi mlinzi wake hafungui, kwa hiyo hapana haja ya kwenda kumsumbua. Tulikaa mpaka upepo ulipokwisha hasira, nasi tukalala, tukala, tukafua. Wengi hupatwa na mabaya kwa sababu wana tarehe ya kufika mahali. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki unakwenda kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na mtu anayeondoka mwishoni mwa msimu hujiona amechelewa. Lakini kungoja siku moja kwenye sitara hakujamzamisha mtu.

Sehemu iliyobaki ya North Carolina na South Carolina nzima sina mengi ya kuisemea. Kamba ya mtego wa kaa ilijisokota kwenye propela, Baba Zuhura akaikata kwa msumeno uliofungwa kwenye pondo. Mpira wa pampu ya maji ya kupozea ulikatika ulimi mmoja. Tulijua kwa sababu kwenye ekzosi maji yalikuwa hayatoki tena, tukazima kabla ya moto kupanda. Pampu ile ina mpira mdogo wenye ndimi sita, na msafiri awe nao wa akiba. Tazama ekzosi kila unapowasha. Hayo yote ni ya kutengeneza kwa nusu saa kwa mtu aliyejiandaa.

Georgia ni habari nyingine. Huko maji yamerudi kufuata mwezi, yanapanda na kushuka futi 7 hadi 9, karibu mita mbili na nusu. Sisi tuliozaliwa kwenye bamvua la mita nne tuliona tumerudi nyumbani. Mito inazunguka ndani ya bahari ya majani ya chumvi, hakuna mlima, hakuna mti wa kulengea, na tope linahamahama. Kuna sehemu zinazotajwa kwa hofu na kila anayepita: Hell Gate, Jekyll Creek, Little Mud River. Kanuni yetu ilikuwa kuzipita nusu ya pili ya kujaa, ili ukikwama maji yaliyo nyuma yako yakunyanyue. Lakini safari ni ndefu na maji hayakungoji kila mahali. Little Mud River tuliifikia saa tatu asubuhi, saa mbili baada ya maji kujaa.

Mbele yetu ikatokea tagi inasukuma tishali la mizigo. Chombo cha namna ile hakiwezi kukwepa katika mto mwembamba, wala hakiwezi kusimama. Tulizungumza na nahodha kwa redio, akaomba tumpe katikati, tukampa. Tukasogea ukingoni, tishali likapita, likanyonya maji, na tulipotaka kurudi, mkuku ukawa umeshashikwa.

Sikilizeni, kwa kuwa haya yatamfaa yeyote mwenye chombo, awe Georgia au Chwaka. Ukikwama usiongeze mashine kwenda mbele, unajichimbia. Angalia kwanza maji yanakwenda wapi. Yakiwa yanajaa, kaa unywe chai. Yakiwa yanakupwa, una dakika chache tu. Tulirudisha nyuma, tukafungua tanga ili mashua iegame na mkuku unyanyuke, Baba Zuhura akashusha kihori na kupeleka nanga kwenye maji ya kina, mimi nikaivuta kwa winchi. Ilisogea urefu wa mkono, ikagoma. Maji hayatoki sawasawa kwa saa zote sita: ya kwanza hutoka kidogo, ya tatu na ya nne ndiyo ya kasi, na saa hiyo ya tatu ilikuwa inaingia. Tukaacha kuhangaika.

Tukaipigia kampuni ya kuvuta vyombo. Huku kuna boti nyekundu za TowBoatUS na za njano za Sea Tow, unalipa ada kwa mwaka na ukikwama wanakuja. Walinzi wa pwani hawakuvuti kama hakuna roho iliyo hatarini. Kabla ya kupokea kamba ya yeyote, uliza kwa maneno yasiyo na shaka: hii ni kazi ya kuvuta, au ni ya uokoaji wa mali? Ya kwanza imo kwenye ada, ya pili inaweza kudaiwa sehemu ya thamani ya chombo. Bwana aliyetujibu alikuwa muungwana. Alisema maji yakiwa yanakupwa hata yeye hawezi, tukae tungoje.

Kazi ikawa ni kuilaza Tawakal vizuri. Tulihamisha madumu ya maji na minyororo upande wa ukingo, ili iegamie kwenye tope la juu wala isilalie upande wa mkondo. Tulishusha makingio na mito ya kukalia chini ya ubavu, kwa kuwa huko kuna chaza, na ganda la chaza hukata fiberglasi. Tukafunga madirisha, vifuniko, na tundu la hewa la tangi la dizeli tukalipiga utepe. Hatari ya chombo kilicholala ni maji yanaporudi, yasije yakaingia ndani kabla hakijainuka. Mwenzangu alikuwa ameshatoa kalenda kabla sijaikumbuka. "Leo mwezi ishirini na nane," aliniambia, "bamvua linakuja. Maji ya jioni yatazidi ya asubuhi." Alikuwa sahihi, na nilifurahi kwamba ni yeye aliyesema. Ingekuwa siku ya bamvua lenyewe, na tumekwama maji yamejaa pomoni, tungengojea wiki mbili.

Kufika adhuhuri tope lilikuwa wazi, limejaa mashimo ya kaa, na sisi tumekaa kwenye ukuta wa chumba badala ya sakafu. Tulikula mkate na tende. Tuliswali tumekaa. Kaskazini yetu kilionekana kisiwa cha Sapelo, ambako mwanzoni mwa karne ya 19 aliishi mtu aliyeitwa Bilali Mohammed, mzaliwa wa Timbo, katika nchi ambayo leo ni Guinea. Alitekwa, akauzwa, akawa msimamizi wa shamba la bwana wake, na uzeeni aliandika kwa mkono wake kurasa 13 za Kiarabu juu ya udhu na sala ya asubuhi, kutokana na yale aliyosoma utotoni kwenye fikihi ya Imamu Malik. Daftari hilo lipo hadi leo Chuo Kikuu cha Georgia. Saa nyingi nilizokaa pale nilimfikiria yeye, anavyopiga hesabu ya mwezi wa Ramadhani akitazama mbingu zilezile juu ya majani yaleyale.

Magharibi ilipokaribia maji yalifika kwenye ubavu. Yalipanda, yakapanda, nami niko ndani na tochi nikisikiliza kila kifuniko. Kisha mashua ikajitikisa, mara moja, mara mbili, ikasimama wima yenyewe. Tuliivuta kwa nanga ileile tuliyoitia asubuhi, tukaenda mita mia chache hadi maji ya kina, tukalala hapo.

Kutoka hapo tuliendelea kuteremka hadi Florida. Sasa wasomaji walioko Marekani wameniuliza waanzie wapi. Waanzie Deep Creek, ni safari ya siku mbili kwenda Elizabeth City, na hakuna mawimbi. Wachukue filta nne, za aina zote mbili, mpira wa pampu, spana namba 10, nanga ya pili, na ada ya kuvutwa wailipe kabla. Kizimba hufunguliwa kwa kawaida mara nne kwa siku, saa mbili na nusu, saa tano, saa saba na nusu na saa tisa na nusu, na mlinzi hupatikana kwa redio chaneli 13. Fikeni nusu saa kabla. Na siku hiyo ya kwanza, bwana, mwachie bibi usukani na ufunguo wa mashine, wewe kashike kamba ya mbele.